Uwanja wa Bujora na Mawimbi ya Redio

Wasukuma walikuwa na mahali pa kujadili mambo ya watu wote kabla redio haijawafikia, na mahali penyewe palikuwa uwanja wa ngoma. Mavuno yakishaingia ghalani, kuanzia Juni hadi Agosti, vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilishindana kijiji kwa kijiji. Masimulizi ya wazee yanasema vilitokana na mafundi wawili wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha, ambao kila mmoja alitaka kuonyesha kuwa samba yake, yaani dawa ya kuvuta watu, ndiyo kali zaidi. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kimoja huku na kingine kule, na watazamaji wako huru kwenda wanakotaka. Kikundi kinachozungukwa na watu wengi ndicho kinachoondoka na ushindi. Kwa hiyo wachezaji hawaachi mbinu hata moja: chatu shingoni, majembe yanayorushwa juu na kudakwa kwa mdundo wa ngoma ya bugobogobo, mavazi na vituko vya kila aina.

Anayekwenda uwanjani kwa ajili ya chatu peke yake hukosa nusu ya shughuli, maana nusu nyingine iko kwenye maneno. Kiongozi wa kikundi, ambaye Wasukuma humwita ningi, ni mtunzi kabla ya kuwa mwimbaji, na hapo zamani hakusifiwa kwa sauti tamu tu bali kwa kujua habari. Njaa ya mwaka ule, kodi, mtemi asiyetenda haki, bei ya pamba, vijana waliopelekwa na Waingereza kupigana Burma: yote yaliingia kwenye nyimbo. Ningi wa upande wa pili alizisikia, akatunga majibu, na msimu uliofuata hoja ikaendelea pale ilipoachwa. Msukuma aliyetaka kujua nchi inasemaje alikuwa anajua pa kwenda.

Nimeanza na haya kwa sababu historia ya redio katika Kanda ya Ziwa husimuliwa kana kwamba watu walikaa kimya wakingoja mitambo iwape cha kusema. Hawakuwa kimya. Redio ilikuta mazungumzo yamechangamka, na swali kubwa la miaka zaidi ya 60 iliyofuata limekuwa kama redio ilijiunga na mazungumzo hayo au iliyafunika.

Bujora ndipo mahali pazuri pa kulitazama swali hilo. Ni kilima kidogo chenye mawe makubwa, karibu na Kisesa katika Wilaya ya Magu, kiasi cha kilomita 20 kutoka Mwanza mjini ukishika barabara ya Musoma. Hapo katika miaka ya 1950 alifika padri wa shirika la White Fathers kutoka Quebec nchini Canada, David Clement, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Wamisionari wengi waliomtangulia waliziona ngoma za Kisukuma kuwa kazi ya shetani. Clement aliziingiza kanisani. Kanisa la Bujora likajengwa kwa umbo la mviringo, kwa mfano wa nyumba ya mtemi, na waumini wakaimba misa kwa midundo waliyozaliwa nayo, miaka kadhaa kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujatoa ruhusa kwa Kanisa zima. Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, inayoangukia majira ya mavuno, ikaunganishwa na mashindano ya Bagika na Bagalu, na tamasha la Bulabo linalofanyika hadi leo likapata sura yake.

Kazi ambayo mimi naithamini zaidi ilianza mwaka 1954. Clement na wazee wa eneo hilo waliunda kamati ya utafiti wa utamaduni wa Kisukuma. Wakawa wanakutana, wanaulizana habari za koo, za watemi, za dawa, za ndoa na za kilimo, na kuziandika. Mzungu alikuwemo, lakini waliokuwa na majibu walikuwa wazee, na walijibizana kwa Kisukuma. Sijui studio yoyote ya redio nchini mwetu ambayo katika miaka hiyo iliwapa wakulima wa pamba nafasi kama ile.

Studio zenyewe zilikuwa mbali. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na kama jina lake linavyosema, mwanzoni haikufika mbali na mji huo. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika na mawimbi yakaanza kusambaa, ingawa mwenye redio huku Usukumani alikuwa mtu wa kuhesabika. Na hii ilikuwa miaka ya moto wa siasa katika Jimbo la Ziwa. Paul Bomani alikuwa anawakusanya wakulima wa pamba, na mwaka 1955 vyama vyao vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo baada ya muda mfupi ilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Tangu 1954 hadi 1958 serikali ya kikoloni iliizuia TANU kufanya kazi katika jimbo hilo. Chama kikiwa kimefungiwa, mkutano wa ushirika ukabeba mambo mazito kuliko mizani na bei. Mwaka 1958 watu wa Geita walipokataa mpango wa halmashauri za rangi mchanganyiko na kuandamana kwa maelfu, habari zilisafiri kwa baiskeli, kwa mikutano ya ushirika na kwa midomo ya waimbaji.

Uhuru ulipopatikana mambo mawili yalitokea kwa kufuatana. Mwaka 1963 utawala wa watemi ulifutwa kisheria. Usukuma ulikuwa na tawala za kitemi zinazokaribia 50, na kila moja ilikuwa na ngoma zake, vigoda, mikuki na mataji ambayo sasa hayakuwa na kazi ya serikali. Sehemu ya vitu hivyo ilipata hifadhi Bujora, na mwaka 1968 makumbusho yakafunguliwa. Mwaka 1965 serikali ikaichukua redio moja kwa moja, ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD kwa wengi wetu. Taarifa ya habari ya RTD ilitanguliwa na mdundo wa Morris Nyunyusa, mpigaji kipofu kutoka Dodoma aliyeweza kuzihudumia ngoma nyingi kwa wakati mmoja. Mdundo ule uliwafanya watu wa nchi nzima wanyamaze. Huko nyuma, ngoma ya mtemi ndiyo ilikuwa na uwezo huo Usukumani, na sasa ilikuwa ndani ya jengo la Bujora, imeandikwa jina la ilikotoka.

RTD ilikuwa redio ya taifa linalojengwa, na ilizungumza Kiswahili. Sina ugomvi na uamuzi huo. Msukuma wa Kisesa, Mhaya wa Bukoba na Mmakonde wa Newala walisikilizana kwa mara ya kwanza kwa sababu hiyo, na anayedharau jambo hilo atazame nchi zilizotuzunguka. Waandaaji wa vipindi nao walizunguka mikoani wakirekodi ngoma na kwaya, na sauti za Usukumani zikaingia kwenye maktaba ya Barabara ya Pugu. Nyimbo za kusifu Azimio la Arusha la 1967 zilitungwa na hao hao baningi (wingi wa ningi) waliokuwa wakiwasema watemi. Ila hapa pana tofauti ambayo haifai kupitwa. Uwanjani wimbo wa sifa ulikuwa na mpinzani wake upande wa pili. Studioni ulirekodiwa peke yake.

Wakati mmoja, hata hivyo, redio ile ya Dar es Salaam ilijibiwa, na Kanda ya Ziwa ilikuwa mstari wa mbele. Mwaka 1968 Mwanza ilifanywa makao ya mradi mkubwa wa majaribio wa kisomo, ulioendeshwa na serikali pamoja na UNESCO katika mikoa ya ziwa. Vitabu vya kujifunzia kusoma viliandikwa kwa kufuata kazi za watu: pamba kwa mkulima, samaki kwa mvuvi, ng'ombe kwa mfugaji, migomba kwa wa upande wa Bukoba. Ukerewe ikawa moja ya wilaya sita ambazo Nyerere alizitaja mwishoni mwa 1970 kuwa zifute ujinga wa kutojua kusoma katika muda wa mwaka mmoja. Baadaye likazaliwa gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya waliokwisha kufuzu na waliohitaji cha kusoma wasije wakasahau.

Kisha zikaja kampeni za redio zilizoandaliwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Wakati wa Furaha ilirushwa mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka 10 ya uhuru, na ilikuwa ndogo. Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikuwa kitu kingine kabisa. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na walioshiriki walikadiriwa kufika milioni 2. Kikundi kilikutana mara moja kwa wiki, kwa muda wa wiki 12. Redio iliwekwa juu ya kigoda au meza, mara nyingi National iliyotengenezwa Dar es Salaam, na kama betri zimechoka zilikuwa zimekwisha kuanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu ya mwisho. Kipindi kikisikilizwa, kiongozi alifungua kitabu na kusoma sura inayohusika: malaria, safura, kichocho, kuhara damu, kifua kikuu. Baada ya hapo redio ilizimwa.

Kuzimwa kwa redio ndiko kulikokuwa kiini cha mpango. Watu walibaki wanaulizana: hapa kwetu inakuwaje? Wa kando ya ziwa, ambao watoto wao walikojoa damu na hali hiyo ikaonekana ni ya kawaida, walisikia kwamba kichocho kina konokono wake na maji yake, wakajadili ni lambo lipi na ni ufukwe upi. Mwisho wa kikao lilitakiwa azimio la vitendo: nani anachimba choo, nani anafyeka majani kuzunguka nyumba, lini. Vyoo vilichimbwa kwa malaki nchi nzima. Inawezekana vingine vilichimbwa kwa kuogopa katibu kata, na si kila kikundi kilikuwa na redio inayofanya kazi. Lakini kwa wiki 12 sauti ya Dar es Salaam ilikuwa mwanzo wa mazungumzo tu, na neno la mwisho lilikuwa la watu wenyewe chini ya mwembe. Katika historia yote ya utangazaji wetu naona hicho ndicho kipindi kilichokaribia zaidi uwanja wa Bagika na Bagalu. Na bila shaka, pale chini ya mwembe, redio ikishazimwa, Usukumani watu walizungumza Kisukuma.

Miaka iliyofuata redio ilirudi kuwa ya kusikilizwa. Ilikuwa ndugu wa karibu katika misiba: tangazo la kifo lililosomwa Dar es Salaam liliwahi kumfikia mtu wa Magu kabla ya barua na kabla ya basi. Kulikuwa na salamu, kwa wagonjwa na kwa jamaa walioko mbali, majina yakifuatana mpaka mtangazaji aishiwe pumzi. Ilipofika vita ya Kagera, mwishoni mwa 1978, hotuba ya Nyerere ilisikilizwa na watu waliozunguka redio za maduka. Machi 1979 ndege ya Libya iliyotumwa kumsaidia Idi Amin ililenga Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala wa hifadhi. Mji ulitikiswa, na bado ili kujua kwa hakika kilichotokea mbele ya macho yao, watu wa Mwanza walilazimika kusubiri taarifa ya habari kutoka upande wa pili wa nchi.

Kufikia miaka ya 1990 ukimwi ulikuwa umeshika Kanda ya Ziwa, na Kisesa, sokoni kwenye barabara kuu ya malori ya kwenda Musoma na Kenya, ilikuwa imejulikana kwa watafiti. Tangu 1994 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu imekuwa ikifuatilia afya za wakazi wa kata hiyo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Julai 1993, RTD ilianza mchezo wa Twende na Wakati, na mhusika wake aliyekumbukwa kuliko wote alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo. Ili kupima kama mchezo ulibadilisha watu, waandaaji waliuzuia usirushwe kupitia kituo cha Dodoma hadi 1995, wakalinganisha. Ulibadilisha. Wengi waliosikiliza walisema wamezungumza na wenzi wao mambo ambayo awali hayakutamkwa nyumbani. Mahali kama Kisesa Mkwaju hakuhitaji kuelezwa ni nani. Lori lake lilikuwa limeegeshwa pale sokoni.

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilivunja ukiritimba wa serikali, na Mwanza haikuchelewa. Anthony Diallo, mfanyabiashara na mwanasiasa wa hapo hapo, alianzisha Radio Free Africa, na kwa mara ya kwanza matangazo yanayosikika mbali nchini yalikuwa yanatoka kando ya Ziwa Victoria. Zikafuata nyingine: redio ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino huko Nyegezi, mahali ambapo waandishi wa habari wamekuwa wakifundishwa tangu miaka ya 1960, na Redio Sengerema ng'ambo ya ghuba, iliyo mali ya jamii. Sangara, magugu maji, bei ya pamba, mauaji ya vikongwe wenye macho mekundu, uvuvi wa kokoro: mambo ambayo Dar es Salaam yalikuwa habari ya dakika moja, hapa yalipata saa nzima. Simu za mkononi ziliposambaa katika miaka ya 2000, msikilizaji naye akapata njia ya kuingia. Mtu aliyekuwa ametuma kadi ya salamu na kungoja mwezi mzima sasa alimpigia mtangazaji na kumkatalia papo kwa papo.

Wapo waliodhani mwenye redio atakuwa na watu wake mfukoni. Mwaka 2010 Diallo, ambaye alikuwa amekwisha kuwa waziri, aligombea tena ubunge wa Ilemela akashindwa na Highness Kiwia wa CHADEMA, na jirani hapo Nyamagana Lawrence Masha, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akaangushwa na Ezekiah Wenje. Simlaumu Diallo, redio yake imewalea watangazaji wengi na imeipa Mwanza sauti ambayo haikuwa nayo. Nataja matokeo yale kwa sababu yanaonyesha wasikilizaji wa ziwa wanavyofanya. Husikiliza huku, wakahamia kule.

Jambo moja halijabadilika, nalo linanisikitisha. Leseni za utangazaji zimekuwa zikitaka Kiswahili au Kiingereza. Wasukuma ndio kabila kubwa kuliko yote Tanzania, wanahesabiwa kwa mamilioni, na lugha yao huruhusiwa hewani ikiwa imevaa wimbo. Kujadili kwa Kisukuma hakuruhusiwi. Wazee wale wa kamati ya 1954 wangeweza kupigiwa muziki wao redioni lakini wasingeweza kuhojiwa kwa maneno yao. Naelewa hofu iliyoleta kanuni hiyo, na baada ya yaliyotokea Rwanda mwaka 1994, jirani kabisa na sisi, hakuna mtu mwenye akili anayeidharau. Bado, bibi wa Magu anayejua kwa nini lambo lilikauka na nani aliuza ardhi ya malisho, akikosa Kiswahili cha kutosha, huwakilishwa na mjukuu au na mtaalamu. Sioni kuwa umoja wa nchi ungedhurika bibi huyo akipewa nusu saa kwa wiki na mfasiri pembeni yake.

Tarehe 8 Septemba 2021 Kisesa ilijaa watu kuliko kawaida. Rais Samia Suluhu Hassan alikuja kwenye tamasha la utamaduni, machifu kutoka sehemu mbalimbali za nchi wakamvika mavazi na kumsimika, wakampa jina la Chifu Hangaya. Ilikuwa miaka 58 tangu sheria ifute utawala wao. Vyombo vya habari vilirusha sherehe, na mjadala ukafuata nchini: kuna waliofurahi kuona heshima ya wazee inarudishwa, na kuna waliouliza kama jamhuri ina haja ya machifu na kama machifu wanafaa kusogea karibu hivyo na siasa za chama. Mimi niko na waliouliza. Utamaduni wa Bujora ninaoujua haukuwa wa kumsimika mkubwa peke yake. Ulikuwa pia wa ningi anayesimama siku ya pili na kumwambia alipokosea.

Kwenye vipindi vya simu vya redio za Mwanza, mpigaji mwenye hasira ya bei ya pamba huanza kwa Kiswahili kizuri. Akifika kwenye kiini, Kisukuma humtoka, sentensi moja, pengine mbili, na mtangazaji, ambaye mara nyingi ni Msukuma mwenzake na ameelewa kila neno, humkumbusha arudi kwenye Kiswahili. Mzee hukubali, humshukuru, humwita mwanangu, halafu huomba apigiwe wimbo. Wimbo huwa wa Kisukuma, na unasema yote aliyokatazwa.